Siku ya Arame Kusema

Arame Diop hakuambiwa na mumewe kwamba ameoa mke wa pili. Aliambiwa na muuza mkate wa kona, ambaye alidhani anampa pole kwa jambo analolijua. Talla alikuwa amekwenda msikitini na wazee baada ya swala ya alasiri, kokwa za kola zikagawanywa kama desturi ya arusi, ndoa ikafungwa, kisha akarudi nyumbani akala wali wa samaki mpaka sinia likang'aa. Siku hiyo Arame alimwekea kichwa cha samaki, fungu la heshima, kama alivyomwekea miaka yote. Hicho kichwa kilimuuma kuliko ndoa yenyewe.

Na nyumba aliyokuwa akiiletea mke ilisimamishwa na samaki. Talla alikuwa fundi wa redio, na redio zilimkimbia zamani. Kuta zile ziliinuka kwa tanuri za Arame kule ufukweni, alikokausha samaki kwa moshi tangu akiwa mwari, mpaka macho yakamwiva mekundu na watu wakazoea kumuuliza kama ametoka kulia. Hakuwa akilia. Shule hakuwahi kuuona mlango wake, lakini alisomesha watoto wanne wa Talla, na mdogo wa Talla, na mpwa wa Talla.

"Coura ataingia Alhamisi baada ya alasiri," Talla alisema alipobanwa. "Ni mtoto wa watu, msomi. Sitaki yale mambo ya kishamba."

"Mambo gani?"

"Unayajua."

Aliyajua, na kila mwanamke wa Dakar ile ya pembeni aliyajua. Mke mpya anapoletwa, mke mkubwa ana siku yake. Huita wanawake wenzake, ngoma zikalia mlangoni, naye akamwimbia mgeni matusi usoni: miguu yake, ukoo wake, mapishi yake. Bwana harusi naye hupata fungu lake. Mke mpya hufunika kichwa akasikiliza, wala hajibu neno. Kukicha yamekwisha, na anayerudia tusi ndiye mwenye aibu. Katika maisha yote ya ndoa, hiyo ndiyo siku moja mwanamke husema asiambiwe nyamaza. Mama yake Arame aliipata siku yake. Bibi yake aliipata mara tatu.

Siku hizi, hata hivyo, huwezi kufunga barabara ukapiga ngoma bila kibali cha mji, na wapiga ngoma walikwishaonja. "Ngoma ikilala kituo cha polisi, mama, hurudi imepoteza sauti," walimwambia. "Lete kibali, tutakuja mbio."

Kwa hiyo Arame alioga, akajifukiza ubani, akavaa gauni lake pana la Idi na kwenda ofisi ya vibali. Aliyekuwa mezani ni bwana mmoja aitwaye Ndiaye, shati limepigwa pasi hadi kwenye kifungo cha mwisho.

"Shughuli gani, mama?"

"Kumpokea mke mwenzangu."

Ndiaye akaweka kalamu chini. "Wewe ndiye mke wa Talla fundi? Mumeo alipita hapa jana. Anasema unataka kuvuruga amani ya mtaa. Bila idhini ya mkuu wa nyumba siwezi kukupa."

"Mkuu wa nyumba ndiye nani?"

"Mumeo, mama."

"Ukuu kaupata lini? Asubuhi nimeondoka nimemwacha amelala."

Kwenye benchi watu wakacheka. Ndiaye akajikaza, akavuta karatasi nyingine. "Jina lako la ukoo?"

"Diop."

Hapo uso wa yule bwana ukalegea. Ndiaye na Diop ni watani tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Kila upande husema ule mwingine ni watumwa wake na ni walafi wa wali, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika.

"Ndiyo maana," akasema. "Nilisikia harufu ya samaki nikajua mtumwa wangu aliyetoroka amerudi."

"Mtumwa wa nani? Babu yako alikuja kwetu na bakuli tupu akiomba ukoko. Tukamhurumia, tukampa kazi ya kufukuza nzi. Naona kazi bado mnayo, ila wewe umepewa na meza."

Benchi zima likavunjika mbavu. Mzee mmoja akavua kofia kujipepea.

"Diop hajui hata kuosha mchele," Ndiaye akasema.

"Na Ndiaye hauoshi, anaumeza ukiwa guniani."

Kila mtu alicheka isipokuwa Arame. Alisogea mpaka meza ikamgusa tumbo, akasema kwa sauti ya chini, "Basi. Nimekutania, umenitania. Sasa ninyime mimi mtani wako mbele ya hawa watu, halafu jioni ukamweleze mama yako."

Ndiaye alitazama benchi. Benchi likamtazama. Akaandika, akagonga muhuri.

"Alhamisi, kuanzia adhuhuri hadi adhana ya magharibi. Adhana ikishasikika, ngoma hata moja isilie. Polisi wakija, mimi sikujui."

"Nisomee tena."

"Huniamini?"

"Wiki hii mwanamume mmoja amenitosha."

Akamsomea tena, neno kwa neno.

Alhamisi ngoma zilianza kabla ya alasiri. Viti vilipangwa barabarani, na mbele kabisa alisimama Yandé, rafiki wa Arame tangu tanurini, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa wa pili. Alasiri ikapita. Jua likashuka mpaka kwenye mapaa. Bibi harusi hakuonekana, na wanawake wakaanza kuimba nyimbo ambazo hazikumhusu mtu ili tu wasinyamaze.

Yandé akapiga simu kwa jamaa yake aliyeishi karibu na kwao Coura. Alipomaliza alitema mate pembeni. "Gari lipo mlangoni. Bibi harusi amevaa tangu mchana. Talla amewaambia wangoje, wasitoke mpaka magharibi ipite."

"Kaijua saa ya kibali," Arame akasema.

"Kwani huko ofisini ana shida gani ya kuuliza?"

Adhana ikasikika. Wapiga ngoma wakafunga ngoma zao kwenye mifuko, macho chini. "Tusamehe, mama. Tungependa." Mwanamke mmoja akainuka na kusema Mungu ana lake, bora waende wakapike. Wengine wakamtazama Arame, na katika macho yao aliona huruma, kitu ambacho hakuwa amekiomba kwa mtu yeyote.

"Swalini kwanza," akawaambia. "Kisha mje uani."

Waliporudi walimkuta akiburuta nje mabeseni yake ya samaki, makubwa, ya bati. Aliyapanga barabarani, akatia maji katika baadhi yake na kufudikiza vibuyu juu ya maji. Mengine akayalaza kifudifudi.

"Kibali kimekataza ngoma," alisema. "Hakikutaja vyombo."

Gari lilipokata kona, lilikuta wanawake wamekwishashika miiko. Kwenye kiti cha mbele alikuwapo askari aliyeitwa na Talla mapema. Akashuka, akamfuata Arame.

"Mama, muda wako umekwisha."

"Najua."

"Na hii ni nini?"

"Tunaosha vyombo. Mgeni aje akute vyombo vichafu?"

"Mnaviosha kwa kuvipiga?"

"Uchafu wa nyumba hii umeganda, baba," Yandé akadakia.

Askari akazunguka viti vyote akitafuta ngoma. Hakuiona. Akarudi, akavuta kiti, akaketi na kukunja mikono, na mtu akampa glasi ya chai.

Coura akateremka, kitambaa kimemfunika mpaka kidevuni. Arame akasimama kizingitini, na miiko ikaanguka juu ya bati kwa mkupuo mmoja.

*Karibu, miguu ya korongo, umetua kwenye moshi,*
*jikoni hukuingia, waujua wali kwa jina.*

Coura akainama kama alivyofundishwa na shangazi zake, akasikiliza beti zote bila kutikisika. Arame alipoona inatosha akasogea kando, akampisha aingie. Talla, aliyekuja katika gari hilo hilo, akafuata nyuma yake, kichwa kimeinama, akitaka kupenya kimyakimya. Arame akarudi katikati ya mlango.

*Jogoo langu huwika kwa jirani, kwangu huja kudonoa.*
*Kaoa mchana, kaleta gizani:*
*mwanamume gani huyu aibaye mali yake?*

Barabara nzima ikapiga vigelegele. Hata askari alitazama ndani ya glasi yake.

"Arame, yatosha," Talla akasema polepole. "Watu wamesikia."

"Ndiyo maana nikawaita."

"Utaniaibisha mpaka lini?"

"Mpaka kukicha. Kesho nitanyamaza, desturi ndivyo isemavyo. Simama vizuri, bwana, bado sijafika kwa mama yako."

Akamnyooshea Yandé mkono, na miiko ikainuka.