Tangi Linaloliwa kwa Ndani

Nafundisha kemia hapa Butembo, na kila mwaka nafika kwenye somo la mafuta ghafi. Nawaambia wanafunzi kwamba hutoka ardhini na salfa na asidi zake, navyo hula chuma cha mabomba kimyakimya, kwa ndani. Kiwandani huondolewa, lakini si zote. Mazout, yaani dizeli, ya bei rahisi hubaki na salfa, na ikituama juu ya maji huzaa uchachu unaotoboa chuma. Wanafunzi huandika. Nyumbani hakuna anayeandika.

Mume wangu ana kinu cha kusaga mahindi kule Musienene, kinachoendeshwa kwa mazout. Kinu ndicho kinachotulisha, maana mshahara wa mwalimu huja unapotaka. Baridi ya kule hulifanya tangi la mazout litoe jasho ndani, na maji yake hukaa chini. Nilimwomba afungue robinet, bomba dogo la chini ya tangi, kila asubuhi, atoe kikombe kimoja cha uchafu. Akakataa.

“Mazout ni ya kutia mu moteur, mama ya batoto. Hapana ya kumwanga chini.”

Tangi likaanza kuvuja. Fundi akaziba, likavuja kando ya kiraka. Mume wangu akamlaumu fundi, akalaumu vyuma vya siku hizi, kisha akalipaka rangi ya bluu kwa nje, likapendeza sana. Nikamchorea tangi kwenye karatasi. Akasema nina maneno mengi. Sikio la kufa halisikii dawa. Nilichoka, tena nilikasirika kweli.

Siku ya soko, kitako cha tangi kikaachia. Mazout ikalowanisha magunia ya mahindi ya akina mama waliokuwa wakingoja zamu. Soko lililofuata wote walikwenda kwa jirani, na sisi tukabaki kuangalia mlango.

Mume wangu akaenda Beni kutafuta tangi lingine. Alirudi nalo, amechangamka, akanifuata jikoni. Alikuwa amekutana na mekanisien, mtu anayejua vitu. Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto: mazout ina salfa, tangi linatoa jasho, maji yanakaa chini, chuma kinaliwa kwa ndani. Dawa yake ni robinet, kila asubuhi, kikombe kimoja.

Kisha akanitazama kwa masikitiko.

“Mais weye, mwalimu wa chimie, juu ya nini haukuniambia?”

Nilikuwa na mwiko mkononi. Niliurudisha ndani ya sufuria, nikausonga ugali kwa nguvu zangu zote, kwa sababu kesho yake kinu kilipaswa kusaga, na msagaji alikuwa mume wangu huyohuyo.