Nafasi Moja ya Chuo

Mama wa ofisi ya utafiti, hapo chuoni Nakuru ninapopeleka chai, husoma huku midomo ikicheza bila sauti. Wafadhili wakitaka ombi moja tu la fedha za utafiti kutoka kila chuo, wahadhiri humletea hata saba. Hufunika majina yote kwa vikaratasi, kisha husoma kila ombi mara tatu, chai ikishika utando pembeni. Majina huyafunua akishachagua.

Juzi profesa aliyemfundisha aliingia bila kubisha. "Msichana wangu, nafasi ni yangu, ama?" Mama alisimama, akampisha kiti chake. "Hapana, Prof. Yako ni ya pili." "Na ni nani alikufundisha kusoma hizi vitu?" "Ni wewe, Prof. Ndiyo maana siwezi kukudanganya." Mimi nilikuwa nikimimina chai. Mama akamsogezea ombi lililoshinda, la mhadhiri mgeni, kuhusu maji ya Ziwa Naivasha. "Sehemu ya vipimo ni dhaifu, na inatumwa kesho. Hapa hakuna mwingine anaweza kuinyoosha." Nilingoja makelele. Profesa akavaa miwani, akafungua ukurasa wa kwanza.