Kimlango cha Bwana Harusi

Mtaani kwao Omdurman, harusi isiyokuwa na Sitana ilihesabiwa kama ndoa ya mkeka. Akishapakata daluka yake, ile ngoma ya udongo, hata vikongwe waliokuja na fimbo walinyanyuka kucheza. Nyimbo alizitunga mwenyewe papo kwa papo, na hakuwa na subira na mtu aliyezikosea. Ukichanganya mstari wake, alisimamisha shughuli mpaka uuseme sawasawa. Tabia hiyo ndiyo iliyomponza, tena si yeye peke yake.

Wimbo wenyewe aliutunga siku ya hina ya Ishraga, binti wa jirani yake Rabab. Wageni walijazana mlango mkubwa, bwana harusi akakosa pa kupita, ikabidi aingizwe kwa nafaji, kile kimlango cha ukutani ambacho majirani wetu huachiana ili chumvi na umbeya visizunguke barabarani. Sitana akaimba:

Bwana harusi, mlango mkubwa una watu,
pita kwa jirani, kimlango ki wazi,
bibi harusi hajalala.

Mtu akaurekodi kwa simu, kijana mmoja mwenye studio akautia vinanda, na kufumba na kufumbua ukawa unalia kwenye kila bajaji.

Yalipokuja maandamano ya kuupinga utawala wa kijeshi, vijana waliuimba mbele ya bunduki. Muhtadi, mdogo wake Ishraga, mwanafunzi wa chuo, ndiye aliyemletea Sitana tafsiri yake.

"Mama Sitana, bibi harusi ni nchi. Wale watu wa mlango mkubwa ni askari. Bwana harusi ni sisi."

"Bibi harusi ni dada yako, na meno yake yamepishana. Nchi gani hiyo?"

"Wenzetu wamefungwa kwa kuuimba, wewe unataja meno."

"Basi mwambieni hakimu ni wimbo wa hina. Mnajitafutia makuu tu."

"Wimbo ukishatoka kinywani, mama, si wako tena."

"Ni wa nani, wa mamako?"

Rabab, upande wa pili wa ukuta, akapaza sauti kwamba yeye asitiwe humo.

Wiki haikuisha, Sitana akaja kuchukuliwa na askari. Afisa aliyemhoji alikuwa mpole, hata chai alimwagizia.

"Hajati, mimi sina ugomvi na muziki. Nieleze tu hicho kimlango. Wataalamu wetu wanasema ni fumbo."

Sitana aliwafikiria vijana waliofungwa, akamfikiria Muhtadi, ambaye sauti yake ilikuwa juu kuliko za wote. Akimthibitishia mtu huyu kwamba ni harusi tupu, watatoka, na Muhtadi hatakamatwa. Na tuseme ukweli, iliudhi pia kusikia wimbo wake ukisomwa kombo.

"Fumbo gani? Ni mlango wa mbao, bawaba moja imeng'oka. Uko kwa Rabab, unatokea uani kwangu, na kwangu kuna mlango wa uchochoroni. Bwana harusi alipita hapo kilemba kikamvuka. Nenda kauone."

"Kumbe ni harusi tu," afisa akasema.

"Ni harusi tu."

Walimrudisha kwa gari. Alishuka akiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Alhamisi vijana walikimbizwa kwa moshi wa machozi. Waliingia kwa Rabab kama kawaida yao, wakapita nafaji mpaka uani kwa Sitana. Siku zote walipotea hivyo, na askari wakaishia kumkuta Rabab peke yake akichambua mboga. Sitana alilijua hilo vizuri. Yeye ndiye aliyewapa vitambaa vyenye siki vya kuzibia pua dhidi ya moshi. Lakini mtu anaweza kujua jambo kwa mikono yake na ulimi usijue. Alifungua mlango wa uchochoroni mwenyewe. Muhtadi akatangulia kutoka. Yule afisa mpole alikuwa amesimama nje na watu wake, na risasi ilikuwa moja.

Kwetu kijana aliyeuawa kabla ya kuoa huagwa kama bwana harusi. Rabab alimpaka mwanawe hina viganjani, akamfunga mkononi uzi mwekundu wa hariri. Barabara ilizibwa na magari ya jeshi, kwa hiyo jeneza likapitishwa kwenye nafaji. Rabab akamgeukia jirani yake.

"Dada yangu, leta daluka. Mwimbie mwanao."

"Siwezi, Rabab."

"Wewe ndiye uliyetunga. Na yeye alikuwa sahihi, si unaona? Bwana harusi ni yeye."

Sitana akaimba mistari yote mitatu bila kukosea. Wanawake walipiga vigelegele huku wanalia.

Mpaka leo Rabab hupita kimlangoni kila asubuhi na birika la kahawa, maana hana mwingine wa kulia naye. Wakishakaa, humuuliza Sitana ni nani aliyewaonyesha wale watu njia. Sitana humimina kahawa, akasema Mungu ndiye ajuaye.