Picha ya mapafu ya mama niliyoipigilia dirishani: je, X-ray inaonyesha kovu?

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi.

Wiki iliyopita kuna mwenzetu aliuliza humu kama X-ray ya kifua inaweza kuonyesha kovu kwenye mapafu. Majibu yalikuwa vurugu tupu. Mmoja alisema inaonyesha kila kitu, mwingine akasema ni kupoteza muda, wa tatu akaanza kutangaza unga wa mizizi.

Mimi si daktari. Ni fundi wa madirisha ya aluminium, kibanda changu kipo Msasani hapa Tukuyu. Nitasema nilichokiona na nilichoambiwa, sitaongeza chumvi. Pale nilipofanya ujinga nitasema pia, maana bila huo ujinga hakuna uzi.

Mama yangu anaishi Ikuti. Ni mjane, ana migomba yake, chai kidogo na ng'ombe mmoja.

Miaka tisa iliyopita aliugua TB. Alimeza dozi yote, miezi sita, hakuruka hata siku moja, akapona. Alipomaliza walimpiga picha ya mwisho ya kifua wakampa aende nayo nyumbani, ile karatasi kubwa nyeusi ya plastiki.

Mwaka jana kikohozi kikarudi.

Kilikuwa kikavu, hakina damu, ila kilimkata pumzi. Akipandisha na ndoo kutoka mtoni alisimama mara tatu, na kilima chenyewe mnakipanda mkiongea.

Sasa, kijijini watu wana kumbukumbu nzuri sana kwa magonjwa ya wenzao. Mama ndiye aliyekuwa akisimamia sufuria kubwa kwenye misiba. Mbalaga ya watu mia mbili, ndizi na maharage, anaiweka sawa bila kuonja. Kina mama wa kanisani wakamwambia, kwa upole kabisa, "Pumzika kwanza mama, safari hii tutapika sisi."

Alielewa. Msiba uliofuata hakwenda hata kukaa.

Mimi akaniambia hivi: "Mwanangu, nikianza tena vile vidonge, lile sufulia sitalishika mpaka mnizike." Ndicho kilichokuwa kinamuuma. Kifua chenyewe alikitaja mara chache.

Nikampeleka hospitali. Makohozi yakapimwa mara mbili, hayakuwa na wadudu wa TB. Akapigwa X-ray. Siku hizi hawakupi karatasi, picha inatokea kwenye kompyuta. Daktari alikuwa dada mmoja mtulivu, akatugeuzia skrini. Juu upande wa kulia kulikuwa na weupe uliokunjamana.

"Hili ni kovu," akasema.

Kwa hiyo jibu la yule mwenzetu ni ndiyo, X-ray inaonyesha kovu. Ila subirini.

Nikamuuliza ni la zamani au jipya. Akasema, "Hapo ndipo penye kazi, kaka. Picha inaniambia kovu lipo. Peke yake hainiambii lina umri gani, na ugonjwa mpya unaweza kujificha hapo hapo kwenye kovu la zamani. Mna picha aliyopigwa zamani nilinganishe?"

Akatufafanulia. Kama lile kovu limebadilika, itabidi waendelee kuisaka TB, na pengine dozi ianze upya. Kama liko vile vile, TB inakaa pembeni, wanatafuta kingine.

Nikajibu kwa kujiamini kwamba picha ipo, mama hatupi karatasi ya hospitali. Nikamgeukia. "Mama, ile picha uliiweka wapi?"

Akanitazama kidogo.

"Gwe mwana, si uliipigilia dilishani jikoni?"

Wakuu, nilikuwa nimesahau kabisa.

Kwa wasiokujua kwetu: Rungwe mvua haina adabu. Jiko la mama ni kibanda cha peke yake, kuta za udongo, bati juu. Kuni mbichi zinapangwa kwenye dari juu ya moto zikauke, na mahindi ya mbegu yananing'inizwa hapo hapo yapigwe moshi yasiliwe na wadudu. Ukutani kulikuwa na tundu moja la dirisha, na mvua ikija na upepo ilikuwa inaingia hapo inazima moto.

Mwaka ule mama alipopona, mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kujifunza ufundi. Nikataka kujionyesha. Nikachukua ile picha, nikaizungushia mbao nyembamba, nikaipigilia misumari pande zote. Mwanga unapita, maji hayapiti. Majirani walikuja kuangalia. Ukiwa ndani mchana unaziona mbavu za mama zimewaka. Tulicheka sana.

Nikarudi Ikuti kuing'oa. Ilikuwa imeganda masizi, unene wa ganda la ndizi kavu. Niliiosha taratibu kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, mbavu zikaanza kurudi moja moja. Msumari mmoja ulikuwa umetoboa karibu na bega.

Nikiwa nimeinama kwenye beseni nikainua macho.

Moshi uliokuwa umejaa jikoni ulikuwa unatoka. Wote unaelekea kwenye lile tundu, unapita, unaondoka zake juu ya migomba.

Nilibaki na karatasi mkononi. Niliona aibu, nasema ukweli.

Daktari aliibandika picha kwenye kioo cha dirisha la ofisi yake akailinganisha na ile ya kompyuta. Kovu la juu lilikuwa lile lile, halijasogea. Pamoja na yale makohozi safi, akasema haoni sababu ya kurudia dozi ya TB. Akaniuliza picha ilitunzwa wapi mpaka imekuwa hivi. Nikasema jikoni. Sikuendelea.

Ila akaonyesha kitu kingine. Chini, pande zote mbili, kulikuwa na vistari hafifu ambavyo kwenye picha ya zamani havikuwepo. Akasema X-ray ni kama kuangalia shamba la chai ukiwa barabarani, unakiona kilima lakini huhesabu miche. Makovu membamba yanaweza kuipita. Akatuandikia CT scan, tukaenda Mbeya.

CT ikaonyesha wazi: makovu membamba sehemu za chini, na njia za hewa zimechoka. Daktari alisema moshi wa kuni wa miaka mingi unahusika kwa sehemu kubwa, ila hawezi kuapa kwamba ni moshi peke yake. Kovu halifutiki. Kinachowezekana ni kuzuia lisiongezeke. Mama akapewa dawa ya kuvuta na mazoezi ya kupumua, akaambiwa akae mbali na moshi.

Nilichojifunza: X-ray inaona kovu kubwa, inaweza kupitwa na dogo, na haijui tarehe. Kwa hiyo tunzeni picha za zamani. Wekeni kabatini, juu ya dari, popote, ilimradi ziwe kavu.

Siku ya kumwekea mama dirisha jipya, lenye wavu na kijipaa juu yake cha kuzuia mvua, nilimwambia ukweli. Kwamba mimi ndiye niliyeziba.

Alikuwa nje anamenya ndizi, siku hizi misibani anamenya na kuelekeza, wengine wanakoroga. Kina mama walishakuja kumchukua baada ya kusikia majibu.

"Najua," akasema. "Moshi si ulianza kujaa siku ile ile."

"Sasa kwa nini hukuing'oa?"

"Lilikuwa dilisha lako la kwanza, baba. Ulikuwa umefulahi sana."

Nikaendelea kupima fremu, nikapima mara mbili namba zilezile.

Wajuzi wa afya nirekebisheni nilipokosea. Wengine nawauliza jambo moja tu: jikoni kwa mama yako, moshi unatokea wapi? Kaangalie kwanza, halafu uje uandike hapa.