Mti wa Kufungia Boti

Ziwa Naivasha lilipopanda lilimeza gati letu pamoja na migunga iliyokuwa ukingoni. Migunga ilikufa ikiwa imesimama ndani ya maji, na hiyo ndiyo tunayofungia boti sasa. Miti mizuri ni ile iliyo nyuma ya kona, ambako upepo wa alasiri haufiki, lakini ni michache. Wanaokosa wanafunga nje kwenye matete, na huko gugumaji likisukumwa na upepo linaweza kuondoka na boti na kamba yake.

Tulijiwekea sheria wenyewe. Boti isiyokwenda kazini inaacha mti, anayefuata anaingia. Ila mti wa nyumba yenye msiba hauguswi mpaka wenyewe waje kuosha boti ya marehemu. Ukiiosha, umesema msiba umeisha.

Mume wangu alikuwa na mti wa nyuma ya kona. Aliugua kifua, akafia hospitalini. Mimi nakaanga samaki hapo ufuoni, kwa hiyo boti yake niliiona kutwa, imejaa kinyesi cha ndege. Sikuiosha. Mwanzoni nilikuwa sijiwezi. Baadaye nilijiweza, na bado sikuiosha, kwa sababu hakuna mtu angethubutu kuniuliza.

Aliyekuwa anafuata ni jirani yangu, mvuvi mwenye watoto wadogo. Ndiye aliyebeba jeneza kwa mbele. Kila mvua iliponyesha alipita na kopo kutoa maji kwenye boti yetu isizame, kisha akaenda kufunga yake nje.

Siku moja gugumaji liliibeba boti yake. Waliipata ng'ambo ya ziwa, upande wa Ndabibi, ubao mmoja umevunjika na nyavu hazipo. Wenzake walimcheka hapo kwenye jiko langu.

“Boti yako imeenda kununua shamba Ndabibi.”

“Imechoka na mimi,” akasema. “Hata bibi yangu anasema inanishinda akili.”

“Na ule mti pale, ndege wanalala tu,” mwingine akasema.

Kicheko kikaisha. Jirani akanigeukia. “Mathe, niwekee mkia, ule umekauka vizuri.”

Nilipompa nikamuuliza, “Ikibebwa tena?”

“Basi nitaenda kuomba kibarua kwenye mashamba ya maua.”

Asubuhi nilikuja na ndoo na sabuni, nikamwomba anivushe kwa boti yake, ubao ameshauziba. Alipoona ndoo aliacha kupiga kasia.

“Mathe, hakuna haraka.”

“Haraka ilikuwa zamani,” nikamwambia.

Nikaosha. Alishikilia boti mbili zisiachane. Chini ya ubao wa kukalia nilikuta kofia ya mume wangu imeota ukungu, nikalia kidogo, nikaendelea kusugua. Wakati wa kufungua kamba nilimwambia angoje. Alingoja. Mkono wangu haukutaka kuachia, na huo ndio ukweli. Halafu nikaachia.

Boti yetu tuliivuta nchi kavu tukaipindua. Yake ikaingia mahali pake.

Aliniambia asante, mara nyingi. Sikujua niweke macho wapi. Nilikuwa nimempa kitu ambacho kilikuwa chake tangu mvua zilizopita, na kama ningempa wakati huo angekuwa bado na nyavu zake.

Ufuoni sasa wanasema nina roho nzuri. Juzi mkewe aliniletea maziwa, amefunga chupa kwa leso safi. Nilitaka kumweleza. Alikuwa anatabasamu, na mtoto mgongoni.

Niliyapokea. Nikayanywa yote.