Gurudumu la Kushoto Lililokula Rulema Tatu

Waliniambia niuze gari. Walinitamkia hivyo hapa Fizi, ndani ya kiwanja changu, wamekalia viti vyangu. Walikuwa wawili: shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, na mekanisie wa Baraka, mji ulio kando ya ziwa, aliyepanda huku juu kututengenezea kamionete yenyewe. Shofa wangu, anayeiendesha, alibaki wima kando ya mlango. Kiti sikumpa.

"Mama, hii gari ilishachoka," mekanisie akasema. "Gurudumu ya mbele, ya kushoto, iko nakula rulema sawa mutoto anakula muhindi ya kuchoma. Hii nimeweka leo njo ya ine. Zile tatu zote zilikufa."

Kwa asiyejua, rulema ni ile pete ya chuma inayokaa katikati ya gurudumu, na ndani yake vipande vidogo vya chuma vinazunguka katika grisi. Inapoanza kufa, gurudumu linavuma kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Baadaye linaanza kuchezacheza. Ukizidi kulipuuza, siku moja linatoka na kwenda zake, wewe ukibaki ndani ya gari unalitazama linavyokutangulia. Katika mteremko wetu wa kushuka ziwani, hiyo si hadithi ya kuchekesha.

Shemeji akasema amekwisha kumpata mtu wa Nundu, mchuuzi wa samaki, ambaye angeichukua gari vile ilivyo.

"Shemeji, umekuwa mukubwa," akaniambia. "Pumzika sasa. Gari ni mambo ya wanaume."

"Ndugu yako amekufa miaka mingapi?" nikamuuliza. "Tangu siku ile, ni mwanaume gani wa nyumba hii ameshuka na mapipa yangu ya mawese? Wewe?"

Akacheka, akaangalia viatu vyake.

Niseme wazi kwa nini nilikataa, maana wao walidhani ni ukaidi wa kizee. Kabla ya ile kamionete, mawese yetu yalishuka Baraka migongoni mwa wanawake. Bidon ya mafuta mgongoni, mkanda kwenye paji la uso, macho chini, siku nzima ya kutembea. Mimi nilibeba hivyo nikiwa na mimba, na nilibeba hivyo nikiwa nimetoka kuzaa. Hata leo siwezi kugeuza shingo bila kugeuza na mabega. Gari ikiuzwa, mkanda ule ungerudi kwenye vichwa vya wake za watoto wangu, siyo kwenye kichwa cha shemeji. Nilikuwa nimeapa hautarudi nikiwa hai.

"Gari haiuzwi," nikasema. "Na safari ijayo nitapanda mbele, karibu na shofa."

Tangu zamani nilikuwa napanda nyuma, nashikilia mapipa yangu, na tukifika Baraka nilikuwa nashukia kwenye kona ya soko kutafuta wanunuzi. Kile shofa alichokuwa anafanya baada ya hapo sikukijua. Hilo lilikuwa kosa langu. Nalikubali.

Safari ile nilikaa mbele nikasikiliza. Rulema ya nne ilikuwa kimya kabisa. Tuliteremka, mguu wa shofa ukiwa juu ya breki karibu njia yote, na tulipofika mjini hakukata kuelekea soko. Alienda moja kwa moja ziwani.

"Tunaenda wapi?"

"Kuogesha gari, Koko. Shofa hawezi kuingia soko na vumbi. Benzangu batanicheka." Koko ni bibi; ndivyo mashofa wanavyoniita.

Ufukweni palikuwa na gari nyingine tatu ndani ya maji, mashofa wamekunja suruali, wanasugua, wanapiga mdomo. Ndiyo desturi yao. Kabla gari haijaingia majini nilishuka, nikaweka mgongo wa mkono katikati ya gurudumu la kushoto nikauondoa haraka. Moto. Shofa aliingiza gari kwa ubavu, kushoto ikielekea kwenye kina, ili yeye mwenyewe asimame upande usio na maji mengi. Gurudumu lilipozama lilitoa sauti ile ya chungu kinapotolewa motoni na kumwagiwa maji.

"Unasikia?" nikamuuliza.

"Inapoa, Koko. Inafurahi."

Kiwango changu cha shule ni mwaka wa tatu wa primeri, lakini nimefunika sufuria nyingi maishani. Sufuria ya moto yenye kifuniko ukiitia kwenye maji baridi, inavuta. Inavuta chochote kilicho karibu. Nikajiuliza: kama chuma cha gurudumu nacho kinavuta, hapa kinavuta nini zaidi ya ziwa?

Baada ya soko nikaamuru twende kwa mekanisie.

"Fungua gurudumu la kushoto."

"Mama, ni juzi tu nilifunga. Hata haijalia."

"Ikilia itakuwa imekufa. Fungua."

Akafungua huku anaguna. Grisi aliyoweka ikiwa nyekundu ilikuwa imegeuka nyeupe nyeupe, kama uji uliotiwa maziwa. Alikwisha kushika kitambaa chenye petroli ili aipanguse, kama alivyozoea kupangusa kila mara kabla ya kuangalia. Nikampiga mkono.

Sisi wauza mawese tuna njia yetu ya kumjua mwizi. Mtu akikuletea mafuta aliyoongeza maji, huhitaji kumtukana. Unaweka kijiko kimoja motoni. Mafuta safi yanatulia. Mafuta yenye maji yanalia na kuruka. Karibu na mekanisie kulikuwa na mama anayekaanga mandazi. Nikamwomba kijiko kibovu na nafasi kidogo kwenye mbabula yake ya makaa. Nikaweka kwanza grisi mpya kutoka kwenye kopo. Ikayeyuka kimya. Kisha nikaweka ile nyeupe ya gurudumu.

Ililia. Iliruka mpaka mama wa mandazi akarudi nyuma na kiti chake.

"Eh, mama, unapika nini hapa?" akapiga kelele.

"Ziwa," nikamjibu.

Mekanisie alitazama kijiko, akatazama gurudumu, akakaa chini juu ya tairi. "Na mi nilikuwa nasema rulema za siku hizi ni za bure," akasema taratibu.

"Rulema haina kosa. Munaichemsha mulimani, munaizamisha ziwani. Hata wewe ungekufa."

Aliosha yote, akaweka grisi mpya. Alipotaka kukaza nati kwa nguvu zake zote, nikamwambia atumie akili badala ya mabega. Akakaza, akalegeza kidogo, gurudumu likazunguka bila kubanwa.

Mnadhani shofa alisikia? Juma lililofuata, mimi nikiwa nimekaa palepale karibu naye, akageuza usukani kuelekea ziwa.

"Simama."

"Koko, kidogo tu. Magoti ya gari tu."

Nikafungua mlango gari ikiwa bado inatambaa. Nilizunguka mbele nikaingia majini mpaka magotini, kitenge changu kikielea, nikamgeukia uso kwa uso. Alikanyaga breki. Mashofa wengine wakaacha kusugua.

"Koko, unabatiza gari?" mmoja akapaza sauti, wote wakacheka.

"Naizuia isibatizwe! Ilishabatizwa mara tatu, na mara tatu ilikufa. Ya kwenu inaendeleaje? Nani kati yenu hajabadilisha rulema mwaka huu? Ainue mukono!"

Hakuna aliyeinua. Mmoja alijifanya anatafuta sabuni.

Tangu siku hiyo, gari yangu inaingia Baraka na vumbi lake. Inasimama kivulini mpaka mgongo wa mkono wangu uweze kukaa juu ya gurudumu bila kuungua. Ndipo inaoshwa kwa ndoo, mwili tu. Kila mvua inapoisha na kila inapokaribia, magurudumu yanafunguliwa na grisi inabadilishwa, yawe yanalia au hayalii. Shofa alinuna miezi miwili. Alikuwa na ruhusa ya kununa.

Kiangazi kilipokwisha, shemeji akaja na yule mtu wake wa Nundu, wote wawili juu ya pikipiki ya kukodi. Nilikuwa napakia. Mtu wa Nundu alikuwa anajua kazi. Aliomba kriki, akainua gurudumu la kushoto, akalishika juu na chini akalitikisa. Halikucheza. Akalizungusha, akainamisha sikio.

"Hii rulema ni mupya?"

"Ni ile ya ine," nikasema. "Ilipita kiangazi kizima."

Akasimama, akajipangusa mikono, akamwambia shemeji: "Uliniambia gari imekufa. Mi nainunua hata leo, na siyo kwa bei ya gari ya kufa."

Macho ya shemeji yakawaka. "Umesikia, shemeji? Sasa njo wakati wa kuuza! Imekuwa nzima!"

"Ikiwa mbovu niuze kwa sababu ni mbovu, ikiwa nzima niuze kwa sababu ni nzima. Lini ni yangu?"

Mtu wa Nundu akacheka mpaka akashika kiuno, akauliza kama anaweza kushuka nasi Baraka, maana pikipiki ilikuwa imemvunja mgongo. Nikamwonyesha nafasi nyuma, kati ya mapipa. Shemeji akazunguka haraka kufungua mlango wa mbele.

"Nyuma," nikamwambia. "Hapa anakaa mwenye gari."