Fromaji za Mama Kavira

Afazali niseme mimi mwenyewe mbele hamujaisikia kule soko. Ninafanya fromaji, ile jibini ya maziwa, hapa Nyamitaba, na kila muntu kazini anajua nilisoma Kampala, sababu nimewaambia mara mingi.

Mama Kavira, mwenzangu mwenye kutoka Butembo, njo anageuzaka fromaji kila asubui. Siku moja nikamusikia: anashika fromaji, ananong'ona neno moja, anaigeuza. Ingine, neno ingine. Kila fromaji na neno yake! Nikamuchungulia juma muzima. Ata chai yake nikaacha kunywa. Huyu mama analoga mali ya watu.

Nikaita patron, mukubwa wetu wa kazi. Tukasikiliza nyuma ya mulango.

"Iko Kinande, luga ya kwao Butembo?" patron akauliza.

"Hapana."

"Ao Kiingereza? Wewe njo ulisoma Kampala."

Nikacheka. "Patron, ingekuwa Kiingereza, mimi nisisikie? Ile iko luga ya mashetani. Umufukuze leo."

Patron akasukuma mulango. Mama Kavira hakushituka ata kidogo. Akatuonyesha: mbele ya kila fromaji, karatasi kadogo yenye neno.

"Samahani, patron. Ninajifunza Kiingereza ya nguvu, nipate kazi ya kutafsiri. Kila fromaji inanichungia neno moja. Nikiigeuza, ninairudilia."

Kisha akanigeukia na furaha yote. "Papa Bahati, nilikuwa ninaogopa kukusumbua! Hii neno maana yake nini?"

Akaniwekea karatasi mukononi. Patron akakunja mikono, akangoja.